Mkono Ulioungua kwa Baridi

Keti karibu nami, wewe ambaye mkono wako umefungwa kitambaa cheupe na hujui kilicho chini yake kitaishia wapi. Huenda uko kwenye benchi la hospitali sasa hivi na jina lako halijaitwa. Usijali, sina haraka, nitakueleza polepole. Mimi nimeshavuka, na haya ninayaandika kwa mkono uleule niliodhani nitaupoteza.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji yetu iko nyuma ya River Road, na nyumbani kwangu ni Riruta, kwenye shamba la baba yetu, mimi na mke wangu Mama Wambui upande mmoja wa ua, na kaka yangu mkubwa Stefano upande wa pili. Mkuu wetu wa kazi ni Singasinga mwenye ndevu nyeupe ambaye wote tunamwita Sardarji. Mwenzangu wa kushika spana ni Ochieng, mtu wa kutoka Nyanza, mcheshi hata gari likimwangukia.

Siku moja ya jua kali, kabla ya mvua za masika, lililetwa gari kubwa la Kimarekani. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa vitambaa anayekaa Parklands, na alikuwa amelinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao. Gari lile lilikuwa na mashine ya kupoza hewa. Ukiwasha, unapulizwa baridi usoni kama umefungua mlango wa friji ya bucha. Hatukuwa tumewahi kuona kitu cha namna hiyo. Ochieng aliingia, akakaa kiti cha nyuma, akasema, "Sardarji, mimi nimehamia hapa. Mniletee chakula."

"Toka nje, mjinga wewe," Sardarji alimjibu, lakini alikuwa anacheka.

Gari halikuletwa kwa ajili ya mashine hiyo. Pampu ya maji ilikuwa inavuja. Ila ili tuifikie pampu, ilibidi tuondoe bomba jembamba lililopita mbele yake, bomba la ile mashine ya baridi. Mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni akitazama saa.

Sasa nikueleze jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi, maana hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Rejeta ikichemka, huwezi kufungua kifuniko chake kwa mkono mtupu, mvuke utakubabua. Kwa hiyo fundi huchukua gunia, analichovya kwenye maji, analikunja, analiweka juu ya kifuniko, anageuza uso pembeni, kisha anafungua kidogo kidogo. Kila fundi Nairobi hii hufanya hivyo. Gunia likiwa limelowa, mkono uko salama. Nilifundishwa hivyo na nimewafundisha wengine.

Nilipofika kwenye nati ya lile bomba, nikamwuliza Ochieng, "Kuna nini humu ndani?"

"Maji," akasema. "Maji baridi. Kwani ingekuwa nini, uji?"

Sardarji naye alisema pengine ni maji. Kwetu, bomba la gari hubeba maji, mafuta au petroli. Basi nikalowesha gunia, nikalifunika juu ya nati, nikalishika kwa mkono wa kulia, nikageuza uso pembeni kama nilivyozoea, nikazungusha spana kwa kushoto.

Haikuwa maji. Ilikuwa gesi iliyoshindiliwa mpaka ikawa majimaji, na ikipata tundu hutoka kwa kishindo, na inapotoka inavuta joto lote kwenye kitu inachokigusa. Nilisikia mlio kama wa nyoka mkubwa. Nikaona moshi mweupe. Kisha nikavuta mkono, na gunia likaja na mkono. Lilikuwa limekuwa gumu kama ubao. Maji niliyolowesha ili yanikinge yalikuwa yamegeuka barafu, na barafu ilikuwa imeshika vidole vyangu.

Hakuna kilichoniuma. Nakuambia hili kwa sababu linashangaza: hakuna kilichoniuma hata kidogo. Nilihisi kama ule mkono ni wa mtu mwingine, nimepewa nimshikie.

"Baridi imemshika!" Ochieng akapiga kelele. "Njoo kwa jiko, njoo!" Pembeni mwa gereji, karibu na shimo la kuingilia chini ya magari, tulikuwa na jiko la makaa la kuchemshia chai. Alinivuta kwa kiuno tukakimbilia huko. Ungekuwa wewe ungefanya vivyo hivyo. Mtu akipigwa na baridi, unampeleka kwenye moto.

Lakini ile gesi ni nzito kuliko hewa. Ilikuwa imeteremka chini kama maji, imetambaa sakafuni, imefika kwenye jiko kabla yetu. Ikipita kwenye moto inageuka sumu. Tulipoinama tukapigwa na harufu kali ya kukata koo, macho yakatoka machozi, Ochieng akaanza kukohoa kama anapasuka kifua.

"Nje! Nje wote! Wacha gari!" Sardarji alitusukuma kwa mabega yake yote mawili, mimi, Ochieng na yule tajiri wa Parklands, mpaka tukaangukia uani kwenye jua.

Huko nje Ochieng alishika ncha ya gunia anibandue. Sardarji akampiga kofi mkononi. "Wewe vuta, ngozi kuja yote!" Akatazama huku na huku. Chini ya ukuta wa ua palikuwa na birika la chai ya saa nne, ambayo kwa haraka ya mwenye gari hatukuwa tumeinywa, na sasa imepoa, imebaki uvuguvugu tu. Akalichukua akanimiminia polepole juu ya gunia, mpaka tone la mwisho. Gunia likalegea, likaanguka lenyewe.

Kwa hiyo dawa yangu ya kwanza ilikuwa chai ya maziwa, yenye sukari nyingi.

Vidole vyangu vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Ukivigonga vinalia. Baada ya muda damu ilianza kurudi, na hapo ndipo maumivu yalipokuja. Sitayaeleza. Kama umeyapata unayajua, na kama hujayapata sitaki kukutisha. Nikuambie tu kwamba maumivu yale, daktari alinieleza baadaye, yalikuwa habari njema. Nyama iliyokufa hailii.

Hospitalini tulikaa foleni mchana wote. Benchi lilikuwa refu na limelainishwa na makalio ya watu. Kila aliyekaa karibu nami aliuliza swali lile lile.

"Umeungua na nini, ndugu?"

"Baridi."

"Baridi gani?"

"Baridi ya gari."

Mama mmoja aliyembeba mtoto alinitazama kwa huruma, akasogea mbali kidogo. Dresa aliyekuwa akifunga vidonda, mtu wa magharibi mwa Kenya aliyeitwa Wafula, alipofunua mkono wangu alinusa, akanusa tena. "Bwana, huu mkono unanuka mandazi."

"Ni chai," nikasema.

"Watu wa Nairobi," akasema Wafula, "siku moja mtakuja hapa mmejipaka supu." Lakini mikono yake ilikuwa mepesi. Nimefungwa na watu wengi tangu siku hiyo, na hakuna aliyenigusa kwa upole kama yeye.

Daktari aliyeniona alikuwa Mzungu mzee kutoka nchi ya theluji. Akaugeuza mkono wangu kwenye dirisha, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani mahali asipotarajia.

"Hii hapana moto," akasema. "Hii mimi naona kwetu, watu ya mlimani. Hapa Nairobi mimi hapana ona hata moja." Akauliza nilifanyiwa nini. Nilipomweleza habari za chai alicheka, kisha akasema Sardarji aliniokoa, maana kama tungeuchoma kwenye makaa, au kuusugua, vidole vyote vingekwenda.

"Sasa itakuwa nyeusi," akasema. "Wewe itaogopa. Sisi hapana kata. Sisi ngoja."

"Tungoje nini, daktari?"

"Mwili itaonyesha yenyewe wapi imekufa na wapi iko hai. Pengine mvua itakuja, itaisha, bado tunangoja."

Nilikwenda nyumbani na maneno hayo. Masika yalianza wiki hiyo hiyo.

Vidole vilijaa malengelenge makubwa, kisha vikakauka, kisha vikawa vyeusi. Kidole gumba kilibaki kizima, lakini vinne vilikuwa kama vijiti vilivyotolewa motoni. Vilikuwa vyepesi na vigumu, na sikuvihisi. Kila nilipokwenda kufungwa upya, Wafula aliangalia, akasema, "Bado," kama anavyosema mtu anayeangalia chungu.

Nitakueleza jambo dogo ambalo hakuna daktari atakuambia. Siyo maumivu yatakayokuvunja moyo, ni vifungo vya shati. Mtu mzima, baba wa mtoto, unasimama asubuhi kifua wazi ukingoja mke amalize kukamua ng'ombe aje akufunge vifungo. Na chakula. Nililelewa kwamba mkono wa kushoto haufiki kwenye ugali, na sasa nilikuwa nakata tonge kwa mkono huo mbele ya watu wote wa nyumba. Siku moja nilimwona Wambui wangu mdogo anakula kwa kushoto. Nilipomkaripia alisema, "Si nafanya kama baba?" Mama Wambui akainuka akatoka nje, sikujua kama anacheka au analia. Nilipomwuliza, akasema vyote viwili.

Shida kubwa ilitoka kwa kaka yangu. Stefano ni mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini alikuwa amemwona jirani yetu akifa kwa mguu uliogeuka mweusi. Aliposikia kwamba tunangoja, alikuja uani, akasimama, hata kiti alikikataa.

"Mnangoja nini? Kitu kimekufa kimekufa. Kikatwe leo, mtu abaki mzima."

"Daktari amesema tungoje, Baba Njoroge," Mama Wambui alimjibu, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Daktari ana vidole vyake. Wewe mwanamke unataka kunizikia ndugu?"

"Ninataka ashike jembe tena. Hivyo vidole vikikatwa, utavirudisha wewe?"

Stefano alituma wazee wa kanisa waje kutuombea, na katika maombi waliomba Mungu atupe utii. Mama Wambui alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akawapa chai, na asubuhi akanipeleka hospitalini kufungwa upya, tukaendelea kungoja kama kawaida. Baada ya hapo Stefano hakuzungumza naye. Alipita kwenye ua wetu akitazama mbele kama askari. Kati ya ndugu yangu na mke wangu nilijihisi kama mkono ule: niko pale, lakini sina kazi.

Ikaja baridi ya Julai. Wewe unayekaa Nairobi unaijua, manyunyu asubuhi mpaka jioni na jua halionekani. Mkono ulioungua kwa baridi huichukia baridi kwa maisha yake yote. Mama Wambui alifumua sweta yake kuukuu akanifumia mfuko wa mkono, mnene, wa rangi ya zambarau. Nikauvaa juu ya bendeji. Ochieng aliponiona akasema, "Baba Wambui, ndani ya mfuko huo umeniletea kuku?"

Mfuko huo ulikaribia kunitia matatani. Ilikuwa siku za Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na askari walitusimamisha sisi Wakikuyu barabarani na kuuliza pasi, ile karatasi ya ruhusa. Siku moja nikitoka hospitalini, nilisimamishwa Dagoretti Corner. Pasi ilikuwa sawa. Kisha askari akatazama mkono.

"Vua hiyo."

Nikavua. Akaona vidole vyeusi. "Kazi yako?"

"Fundi wa magari."

Nikaona anafikiri. Fundi, Mkikuyu, mkono umeungua. Wakati ule watu walikuwa wakitengeneza bunduki kwa mabomba, na nyingine ziliwalipukia mikononi.

"Nini imeunguza wewe?"

Nilijua jibu la kweli litasikika kama uongo. Lakini sikuwa na lingine. "Baridi, afande."

"Baridi!" Akamgeukia mwenzake. "Huyu anasema baridi ya Nairobi imemchoma."

Yule mwenzake, mzee kidogo, alikuja akanitazama. Akanivuta mkono karibu na uso wake. "Bunduki inarusha unga wa baruti, inaacha madoa," akasema. "Hapa hapana madoa. Na angekuwa mwongo angetafuta uongo mzuri kuliko huo." Akanirudishia mfuko wangu wa zambarau, akanifungia kamba ya mfuko yeye mwenyewe, kwa sababu aliona siwezi. Sikumwona tena mtu yule, lakini huwa namkumbuka katika sala.

Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia Wafula alipofungua bendeji siku moja na asiseme "Bado." Akaniita nisogee kwenye mwanga. Kwenye kidole cha shahada, ngozi nyeusi ilikuwa imepasuka kwenye ukingo na inainuka, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake palikuwa na ngozi mpya, laini, ya rangi ya waridi kama ya mtoto aliyezaliwa jana.

"Funga macho," akasema Wafula. Nikafunga. "Nimegusa wapi?"

"Kidole cha shahada. Hapo juu."

"Na sasa?"

"Cha kati."

Akaanza kuimba wimbo wa kwao katikati ya chumba, huku watu wakimtazama. Maganda yalitoka moja baada ya jingine mvua ikinyesha. Palibaki ncha ya kidole cha mwisho tu, na hapo mwili ulikuwa umechora mstari wake wazi, kama alivyosema daktari. Wakaniingiza thieta, chumba cha upasuaji, wakakata ncha ile, kipande kidogo kuliko punje ya hindi, na kazi ikaisha. Kama tungekata wakati wa masika, vingekwenda vidole vinne vizima, vyote vikiwa hai chini ya weusi wake isipokuwa ncha ile.

Nilirudi nyumbani na mkono wazi. Stefano alikuwa kwenye shamba lake. Nilikwenda mpaka alipo, nikamnyooshea mkono tusalimiane. Aliushika, akaugeuza, akakiminya kidogo kila kidole kama mtu anayenunua maembe. Kisha akachukua jembe lake, akavuka ua, akaingia shamba la Mama Wambui ambalo mimi nilikuwa nimeshindwa kulilima, akaanza kuchimba mashimo ya maharagwe. Mama Wambui alimtazama kwa muda kutoka mlangoni.

"Baba Njoroge," akaita, "hiyo mistari imepinda."

"Ninyooshee basi," akajibu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu masika. Jioni tulikula pamoja. Nilikata tonge la ugali kwa mkono wa kulia, likaniponyoka nusu, na hakuna aliyecheka isipokuwa Wambui.

Sardarji alikuwa amenitunzia nafasi yangu. Nilianza na kazi nyepesi, nikafika kwenye spana, na sasa ninafungua karibu kila kitu, isipokuwa nati ndogo sana ambazo Ochieng ananifungulia huku akijisifu. Asubuhi za Julai bado ninavaa mfuko wangu wa zambarau. Vidole vinauma kukiwa na manyunyu, lakini vinauma vikiwa kwangu.

Juzi lile gari la Parklands limerudi. Pampu tena. Mwenyewe alisimama mlangoni akitazama saa, kama kawaida yake. Safari hii Sardarji alimpa kiti na kumwambia atungoje, maana tumejifunza kungoja. Tulilisukuma gari uani, mbali na shimo, penye upepo. Ochieng akabeba jiko mpaka ng'ambo ya barabara, na chai yetu tukainywa huko. Kisha tukamwita fundi wa friji anayehudumia mabucha, ambaye ana vifaa vya kuitoa gesi hiyo polepole kwenye chupa yake ya chuma. Alivaa miwani iliyofunika macho pande zote, na glavu nene za ngozi, kavu kabisa. Niliangalia glavu zile zilivyo kavu mpaka akaniuliza kama nataka kuzinunua.

Alipomaliza, bomba lilikuwa tupu. Nikashika spana kwa mkono wa kulia, nikafungua nati ile ile. Haikutoa sauti yoyote.

Basi ndugu yangu, daktari akikuambia ngoja, ngoja, na mwombe mtu wa nyumbani akufunge vifungo bila kuona haya. Na wewe ambaye bado mikono yako ni mizima, kabla ya kufungua bomba lolote usilolijua, uliza ndani kuna nini. Ukijibiwa "pengine ni maji," weka spana chini na umtafute anayejua.